Mwanangu na klabu ya mikoko shuleni, nimwachie ama nimtoe mpaka amalize mtihani?

Mama_Wiyoni
Jumatatu usiku

Asalam aleikum wenzangu wa Amu, yani Lamu, na visiwani, na nyinyi mlio bara pia. Nina jambo nimekaa nalo wiki mbili halinitoki kichwani, naomba mnisaidie kwa uzuri.

Mwanangu wa kwanza yuko gredi 8 hapa hapa kisiwani. Tangu mwaka uanze ameingia klabu ya mazingira ya shule na huko wamepewa kazi ya mikoko, wana kitalu chao huku nyuma Wiyoni, wanaokota mbegu, wanajaza matope kwenye pakti za maziwa, miche ikikomaa wanaenda kuipanda. Mi nlikuwa sijui lolote. Kwenye grupu ya wazazi ya WhatsApp habari zinazokuja ni mbili tu, pesa ya kulipa na matokeo ya mtihani, basi. Kumbe watoto wana gazeti lao la ukutani pale karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, nlienda kulipia chakula nkasimama kusoma nkajikuta machozi yanatoka. Wameandika kila kitu, timu ya kandanda ya wavulana imetolewa kwa penalti, wasichana wa netiboli wamepita wanaenda ngazi ya kaunti, gredi 7 wameanza kukariri shairi la tamasha la muziki, na robo nzima ya karatasi ni ya mikoko, imeandikwa na mwanangu kwa mkono wake na amechora mpaka mizizi. Mtoto huyu nyumbani ukimuuliza shule vipi anakwambia poa, hakuna neno lingine.

Sasa tatizo. Babake ni mvuvi, anatoka usiku anarudi asubuhi, na yeye anachotaka ni mtoto asije akashika nyavu kama yeye. Anasema mwakani ni gredi 9, ni KJSEA, ule mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, Jumamosi iwe ya tyusheni, mambo ya matope yangoje. Ati mikoko ipo tangu babu zake na hakuna aliyeipanda. Alafu kuna chuo cha Qurani, Jumamosi asubuhi ni siku ya chuo na mtoto amekosa mara mbili sababu ya klabu, maalim ametuma salamu na mi nimeona haya wallahi. Na la tatu ni mwezi ujao wanataka kuwavusha kisiwa cha Manda kwa boti wakapande huko, na mi bahari naiogopa, nimezaliwa nayo lakini naiogopa.

Nauliza, kuna mzazi mwenzangu aliyepitia haya? Klabu zinamsaidia mtoto chochote kwa huu mtaala mpya ama ni kupoteza wakati? Sitaki kugombana na babake, na sitaki kumvunja moyo mwanangu.

---

Kijana_wa_Mokowe
Jumatatu usiku

Mama salaam. Ntakwambia ukweli hata kama hautakufurahisha. Msikilize babake. Mimi nlikuwa golikipa wa shule, kila muhula wa pili tuko njiani, mechi za wadi, za kaunti, tukifika mkoa tumelala nje siku tano, sita, narudi darasani wenzangu wamemaliza mada mbili na hakuna mwalimu wa kunirudishia nyuma. Kandanda nliipenda sana. KCSE, mtihani wa fomu 4, ikanitoa na gredi ambayo hakuna koleji iliyonichukua, sasa niko na boda hapa jeti ya Mokowe nashusha watu wanaovuka kuja huko kwenu. Sichukii kazi yangu, inanilisha. Ila hakuna mtu mzima aliyekaa na mimi akaniambia punguza. Nyinyi mnao uwezo wa kukaa na mtoto mkamwambia mapema.

---

Mwalimu_wa_Visiwani
Jumanne asubuhi

Mama Wiyoni, mi nafunza JSS, yani sekondari ya chini, si shule ya mwanao, ni kisiwa kingine, na hii klabu ya mazingira ndo kazi yangu ya jioni kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo uniwie radhi.

Kwanza mtihani, manake hapo ndo babake ana wasiwasi na ana haki. Mtoto akimaliza gredi 9 hapelekwi sekondari ya juu kwa mtihani mmoja tu wa mwisho kama zamani ya KCPE ya darasa la nane, ile ya mwisho ilifanywa 2023 ikaisha. Sasa alama zinagawanywa hivi: asilimia 20 alishaifanya, ni ile KPSEA, mtihani wa gredi 6. Asilimia 20 nyingine ni kazi za shuleni za gredi 7 na 8, yani anazifanya SAA HII mwanao, leo na kesho, na wazazi wengi hawajui. Asilimia 60 inayobaki ndo KJSEA. Kwa hiyo ukingoja mwakani ndo uanze kumkazania umechelewa, na ukimtoa mtoto kwenye kazi za vitendo mwaka huu pia unaweza kumuumiza, sababu kazi za gredi 8 nyingi ni za vitendo, kwenye Kilimo, Sayansi, mpaka Sanaa na Michezo ambayo ni somo la kutahiniwa kama masomo mengine, yako tisa na hilo limo. Miche kwenye kitalu yule mtoto anaipima kwa rula, anaandika urefu kila wiki, anachora grafu. Mi wanafunzi wangu grafu ya mistari walikuwa hawaielewi ubaoni, wameielewa kwenye matope.

La pili, huko gredi 10 mtoto anaingia njia moja kati ya tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), ama sayansi ya jamii, ama sanaa na michezo. Na yoyote atakayoingia kuna somo la huduma kwa jamii ni la lazima kama Kiswahili na Kiingereza. Mtoto aliyelea kitalu tangu gredi 8 anafika pale ana cha kusema.

Lakini sitaki nikuuzie klabu tu. Klabu nyingi hizi zetu zinafanya kazi vibaya na nianze na yangu. Mara ya kwanza tulipanda miche kama mia tano siku moja, tukaleta wageni, tukapiga picha, tukaweka kwenye grupu, kila mtu maashallah maashallah. Tuliipanda ufukweni mbele, mahali pa mchanga, pakavu pazuri pa kusimama watoto wasichafuke. Upepo wa kusi ulipoingia, mawimbi yakaing'oa mmoja mmoja, baada ya wiki chache hapakuwa hata na mche mmoja. Watoto wakaniuliza mwalimu iko wapi, nkakosa la kuwajibu. Nlijua kufunza, nlikuwa sijui kupanda mkoko, na pale pale kijijini kulikuwa na wazee wamekata boriti miaka arobaini sikumuuliza hata mmoja. Kwa hiyo swali la kumuuliza mlezi wa klabu ya mwanao ni hili: mche wa mwaka jana uko wapi? Akikupeleka akakuonyesha umesimama, mwachie mtoto. Akikuonyesha picha kwenye simu peke yake, hapo fikiria tena.

---

Mzee_wa_Boriti
Jumanne mchana

Anaandika mjukuu wangu, mimi nasema yeye anabofya.

Mwalimu umesema kweli na nimefurahi umekiri mwenyewe. Mimi nimekata boriti tangu sijaota ndevu. Tulikuwa tukienda na dau, tunalala huko huko mikokoni juma zima na mai ya kunywa kwenye mapipa, tunahesabu kwa kori, kori moya ni miti 20, na kila unene una jina lake, kuna fito, kuna pau, mazio, boriti, nguzo. Mjini Amu hakuna dari ya nyumba ya kale isiyokuwa na boriti yuu yake, na majahazi yalikuwa yakipakia hapa yakenda nazo Arabuni mpaka serikali ikafunga kuuza nje mwaka wa 1982. Alafu 2018 wakafunga kukata kabisa nti nzima, wana wa Amu wakakaa barazani hawana kazi, ikaja ikafunguliwa kwetu baadaye. Kwa hiyo mimi mikoko naijua kama mtu ajuavyo chumba chake cha kulala.

Nimwambie babake huyo mtoto kwamba hajakosea. Mikoko haikupandwa na mtu. Ukiacha miti mama imesimama na ndia ya mai ukaiwacha wazi, mbegu zitaanguka zenyewe, zitasimama zenyewe. Pahali ambapo vijimiche vinatoka vyenyewe musipande, mutavikanyaga na kuviharibu. Pa kupanda ni pale palipokatwa mpaka mama hakubaki, ama palipozibwa na mtanga mai hayafiki, na hapo kwanza ufungue mai ndipo upande, la sivyo ni kujitaabisha.

Na si kila aina ya mti wa mikokoni pahali popote. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa kukabili bahari. Nyuma yake mkoko wenyewe, huo wataka tope laini la kuzama goti, mbegu yake ndefu kama kibakora, unaidunga thuluthi yake tu ndani, ukiidunga sana inaoza, ukiidunga kidogo mai yanaitukua. Unachagua iliyoiva, iliyoanguka yenyewe ama ukiigusa inatoka, haina tundu la mdudu, na kaa wanaila usiku kwa hiyo panda zaidi ya unazotaka. Nyuma yake muia, nyuma mkandaa, huo wapenda ardhi ngumu kidogo inayofikiwa na mai makubwa tu. Mchu uko yuu huku karibu na nti kavu, nao hustahamili chumvi kuliko yote. Mwambie mtoto akalilambe jani la mchu asubuhi, ataonja chumvi, mti unaitoa nje kwa jani. Mimi hilo nilionyeshwa na babangu nikiwa mdogo wa kuvaa kanzu moya siku ya Idi, sijalisahau hadi sasa.

Wawaite wazee. Sitaki malipo, nataka kiti tu nikifika, magoti yameshaisha.

---

Mama_Wiyoni
Jumanne usiku

Jamani nimesoma yote mara mbili, Mungu awaweke. Mzee, nimemsomea mwanangu maneno yako akaniangalia akasema "mama mchu siujui, sisi tuna mkoko peke yake". Akaandika kwenye daftari.

Nimemuuliza lile swali la mwalimu, mche wa mwaka jana uko wapi. Amesema mwaka jana hawakupanda, klabu ilikuwa imelala, mlezi aliyekuwepo alihamishwa, huyu wa sasa ni mwalimu kijana ameifufua. Sasa hiyo ni nzuri ama mbaya sijui.

Ila lile la asilimia 20 ya gredi 7 na 8 sikulijua kabisa na nimemwambia babake, akanyamaza. Yeye akinyamaza ujue anafikiri. Bado lile la chuo na la boti, hapo sijapata jibu.

---

Binti_wa_Mkunguni
Jumanne usiku

Dada yangu mi nimemaliza shule miaka minne iliyopita, nitasema upande wa mwanafunzi. Hilo gazeti la ukutani usilichukulie dogo. Shuleni kwetu tulikuwa nalo tukiwa fomu 2, wasichana watatu na mvulana mmoja, manila tunanunua wenyewe, kalamu za rangi tunaazima ofisini. Tuliandika nani ameshinda, nani amefiwa, maktaba imepata vitabu gani, choo cha wasichana kimekosa maji siku ngapi, na hiyo ya choo ilirekebishwa wiki hiyo hiyo baada ya mjumbe wa bodi kuja kusoma. Mimi nlikuwa mtoto wa kukaa nyuma darasani, kuongea nlikuwa siwezi, nkiulizwa nainamisha kichwa. Kilichonitoa huko ni kwenda kumuuliza nahodha wa timu maswali na daftari mkononi sababu lazima niandike. Leo nafanya kazi ya kuongea na watu siku nzima.

Kinachoniuma ni hili ulilosema, umejua kazi ya mwanao kwa bahati, ulienda kulipa pesa. Wazazi wangapi hawajasimama pale ukutani? Akina mama wengi hawaendi shuleni ila wameitwa kwa shida. Matokeo ya mtihani yanazunguka Amu nzima kwa saa moja, wastani wa shule kila mtu anaujua hadi muuza halwa, lakini wale wasichana waliopita netiboli nani ameskia? Wangekuwa wamefeli tungeskia. Nashauri hivi, watoto wakimaliza kuandika mmoja apige picha safi ya gazeti mlezi aitume kwenye hiyo hiyo grupu ya pesa na matokeo, na karatasi nyingine ibandikwe mahali watu wanapita, hapa Mkunguni mbele ya Ngome kuna watu tangu asubuhi mpaka usiku, wazee wa bao wapo, wataisoma na wataibishania mpaka mwisho. Mi niko tayari kununua manila za muhula mzima, kwa kweli, niambieni tu nimpe nani.

---

Maalim_wa_Jioni
Jumatano baada ya alfajiri

Wa aleikum salaam warahmatullah. Mimi nafunza chuo, si kile cha mwanao, lakini mambo ni yale yale. Usione haya dada. Maalim alipotuma salamu hakukulaumu, anamtafuta mtoto, na afadhali maalim anayetafuta kuliko yule asiyejua nani hayupo.

Hili la Jumamosi lina njia na njia yenyewe iko juu mbinguni. Kazi ya mikokoni hufanyika maji yakitoka sana, na maji hutoka sana wakati wa bamvua. Bamvua ni mwezi unapoandama na unapojaa, yani kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wetu wa Kiislamu, na siku moja mbili baada yake ndo huzidi. Siku hizo hapa kwetu maji hutoka kabisa kama saa nne, saa tano asubuhi. Zikifika tarehe 7, 8, na 22, 23 ni maji mafu, bahari haitoki wala haijai vya kutosha, mtoto akienda mikokoni atasimama kwenye maji ya kiuno hafanyi lolote. Sasa hesabu mwenyewe, katika Jumamosi nne za mwezi ni mbili tu ndo za maana kwa klabu. Hizo mbili nyingine hana sababu ya kukosa chuo, na akikwambia klabu ni kila Jumamosi basi ama mlezi hajui maji ama mtoto anapenda kucheza, na vyote viwili vinarekebishika.

Mimi nilikaa na mwalimu wa shule ya mtaani kwetu tukafungua kalenda, tukatia alama Jumamosi za bamvua za muhula mzima, siku hizo watoto wa klabu wanasoma darsa baada ya laasiri badala ya asubuhi. Saa moja na nusu tu, wanakuja wananuka matope kidogo lakini wanakuja na udhu. Hakuna aliyerudi nyuma katika kuhifadhi. Na nikawapa kazi wao wenyewe waitengeneze hiyo kalenda kwa kuhesabu mwezi, kila siku maji yanachelewa karibu saa moja kasoro kidogo, wakahesabu mpaka mwisho wa muhula, walipoenda kuangalia bahari ikawa sawa. Furaha ile siwezi kuieleza.

Nenda kamuone maalim wake wewe na babake pamoja, usimtume mtoto.

---

Nahodha_Mstaafu
Jumatano asubuhi

Kwa upande wa boti, mama, uoga wako ni akili. Nimeendesha boti za abiria njia ya Mokowe na visiwani miaka mingi. Kabla mwanao hajapanda uliza haya na uulize mbele ya watoto ili nao wasikie. Jaketi za kuelea ziko ngapi na watoto ni wangapi, kila mmoja avae na kamba ifungwe, zisirundikwe chini ya tanga, mtoto mdogo jaketi ya mtu mzima inamvuka kichwani akianguka kwa hiyo saizi ni muhimu. Kapteni ana leseni? Boti imeandikwa watu wangapi ubavuni, wasizidi hata mmoja, mwalimu naye ahesabiwe. Wavuke asubuhi na warudi kabla ya upepo wa mchana kukaza, hasa kusi ikiwa imeingia. Na kitu kimoja watu husahau, siku za bamvua maji yakitoka boti inakauka mchangani, itabidi wasubiri mpaka maji yarudi, kwa hiyo wabebe maji ya kunywa na chakula cha zaidi ya wanavyodhani, na kofia. Wahesabiwe wakipanda, wahesabiwe wakishuka, na orodha moja ibaki kwa mtu aliye nchi kavu.

Hayo yote yakikosekana hata moja, sema hapana na usiogope kuonekana mama mgumu. Tena kwani lazima Manda? Nyuma ya Wiyoni kuelekea Matondoni mikoko ipo ya kufikiwa kwa miguu. Waanze hapo.

---

Mwalimu_wa_Visiwani
Jumatano mchana

Maalim umenifunza kitu leo, mi nlikuwa naangalia maji kwenye programu ya simu na bando ikiisha tunapotea. Naiba hiyo kalenda.

Na nimekumbuka jambo la kumwambia babake mtoto. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanatunza msitu wao wa mikoko, hekta 117, na tangu 2013 wanauza hewa ya kaboni inayotunzwa na ile miti, pesa inayoingia wanaamua wenyewe, imeingiza maji kijijini na imenunua vitabu vya shule. Vanga nao wakafuata. Sasa sisi Lamu ndo tuna zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kazi zitakazokuja hapa za kupima miti, kuhesabu, kuchora ramani, zitataka mtu anayejua STEM na anayejua kutembea kwenye tope bila kuvunja mguu. Watu hao wa pamoja ni wachache sana. Simwahidi kazi mtoto wa mtu, ila babake anaposema hataki mwanawe ashike nyavu, aangalie pia na upande huu.

---

Kijana_wa_Mokowe
Jumatano usiku

Nimesoma nimerudi. Nliposema mtoe nlikuwa najiongelea mimi, na mi shida yangu ilikuwa hakuna aliyepanga, si mpira wenyewe. Kama ni Jumamosi mbili kwa mwezi na maalim anajua na mwalimu anajua na mzazi anajua, hiyo nyingine kabisa. Zile mbili zilizobaki mpeleke tyusheni babake aridhike. Na wakija bara kupanda upande wa huku mniambie, ntabeba miche bure kutoka jeti, pikipiki ina kreti.

---

Mama_Wiyoni
Ijumaa baada ya swala

Wenzangu nimerudi na habari. Jana magharibi tulienda kwa maalim, mimi na babake na mtoto. Nilichukua simu nkamwonyesha haya ya kalenda ya bamvua, akacheka akasema yeye ni mtoto wa Siyu haambiwi habari za maji, akatoa kalamu akaanza kutia alama pale pale. Jumamosi za bamvua darsa ni baada ya laasiri. Zile nyingine chuo asubuhi, tyusheni mchana.

Leo asubuhi babake alirudi baharini hakulala, alienda mwenyewe mpaka kwenye kitalu. Sikumtuma. Amemkuta mlezi kijana anamwagilia, wakaongea. Amerudi ananiambia wamekiweka kitalu juu sana, maji hayakifikii isipokuwa siku mbili tatu kwa mwezi ndo maana majani yamekuwa manjano, na nusu ya mbegu zina matundu. Nkamuuliza, sasa? Akasema kesho anawasaidia kukihamisha chini, amepata wenzake wawili wa chomboni. Mwanangu ameskia hayo akiwa mlangoni hakusema kitu, alienda akatafuta viatu vyake vya zamani akaviweka kando ya vile vya babake.

Manda tumesema bado, waanze huku kama alivyosema nahodha.

Mzee wa Boriti, kesho maji yatakuwa yametoka saa nne unusu, mtoto atakuja na punda kukuchukua na kiti kiko, nimekifuta. Binti wa Mkunguni, manila ya kwanza tuletee wiki ijayo maana wanataka kuandika habari za netiboli na mechi ya kaunti ni Alhamisi. Na mwenye koleo la ziada ama ndoo iliyovunjika mkono asiitupe, tunapungukiwa kama sita.